Nilivyounganisha badiliko la JAK2 na kromatini, seli moja moja

Kwa wiki tatu majedwali yangu mawili yalikataa kusomana. La kwanza lilihusu kromatini, yaani DNA pamoja na protini inazojiviringishia: lilionyesha sehemu za DNA zilizo wazi katika kila seli ya uboho. La pili lilionyesha kama seli hiyo hiyo ina badiliko liitwalo V617F katika jeni ya JAK2: herufi moja tu ya DNA, G kuwa T, lililotambuliwa mwaka 2005 kwa wagonjwa ambao uboho wao hutengeneza chembe za damu kupita kiasi. Kila seli ina kitambulisho cha herufi 16, na hicho ndicho uzi pekee wa kuyashona majedwali hayo. Kati ya maelfu ya seli, zilizolingana hazikufika kumi.

Mama ni fundi cherehani hapa Githurai, kwa hivyo nilimweleza kazi yangu kwa jora la kitambaa. DNA ya seli moja ikinyooshwa hufika mita 2 hivi, lakini imeviringishwa ndani ya kiini ambacho macho hayakioni. Mkasi hauingii palipokunjwa, hukata palipofunuliwa. Mkasi wenyewe ni kimeng'enya cha Tn5, na vipande vilivyokatwa hutuambia DNA imefunuliwa wapi. Mbinu ya GoT-ChA, iliyochapishwa mwaka 2024, huongeza jambo moja: ndani ya tone lile lile lililobeba kiini, hunakili pia mahali penye badiliko.

"Kwa hivyo unajua doa liko kwenye jora gani," mama akasema. Ndivyo hasa.

Usiku mmoja niliandika kitambulisho kimoja kwa kalamu, nikakisoma kutoka kulia, nikageuza kila A kuwa T, kila C kuwa G, na kinyume chake. Nikakitafuta. Kilikuwa kwenye jedwali la pili, herufi kwa herufi! Kumbe baadhi ya mashine husoma kitambulisho hicho kutoka uzi wa pili wa DNA, ambao huenda kinyume na wa kwanza, A ikikabili T na C ikikabili G. Mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta, na maelfu ya seli zikapata jozi zao. Ilikuwa saa nane usiku, nami nikamwamsha mama.

Kazi ngumu ilibaki kwa seli zilizoonekana hazina badiliko. Seli ina nakala mbili tu za jeni hii, na mara nyingi ni moja iliyobadilika. Nakala hiyo ikipotea kabla ya kusomwa, seli yenye badiliko huandikwa kuwa haina. Nilipozichanganya zote, tofauti niliyokuwa nikiitafuta, ya DNA iliyofunuliwa kati ya seli zenye badiliko na zisizo nalo, ilififia kabisa. Ndipo nikaanza kudai usomaji wa kutosha kabla ya kuipa seli jina lolote, "ina badiliko" au "haina", na kulinganisha seli za aina moja tu: seli shina kwa seli shina, zinazokua kuwa chembe nyekundu kwa wenzao. Bila hivyo ningeona tofauti ya aina za seli, nikadhani ni kazi ya badiliko.

Zilizobaki bila jina ni nyingi. Kwenye mchoro nimezipa rangi ya kijivu, na sizifuti.