Hori la anko, na kwanini kileleni ukikosea kidogo hupotezi kitu

Mi Fom Faivu na Siksi nilisoma PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), na mada ya maksima na minima, yani kutafuta kilele na bonde la mchoro, nilikuwa naijua kama wimbo. Unadifarenshieti, yani unatafuta derivativu, fomula ya kasi ya mabadiliko, unaweka sawa na sifuri, unatafuta x, unadifarenshieti tena, ikija hasi unaandika maksima, ikija chanya unaandika minima, unapiga mstari chini mara mbili unahamia swali lingine. Maksi nilikuwa napata freshi tu. Ila ungenisimamisha ukaniuliza kwanini sifuri, kwanini sio saba, ningekutolea macho.

Aliyekuja kuniuliza ni anko wangu, na yeye darasa la saba ndo lilikuwa la mwisho.

Anko ni fundi bati. Ana kibanda chake pembeni ya barabara, anatengeneza trei za mikate, majiko ya mkaa, mifereji ya kukinga maji ya mvua, na mahori ya kunyweshea ng'ombe. Hori lake moja linatoka kwenye bati moja lisilo na migongo, lile la futi 8 kwa 4. Anapima futi moja kutoka kila ukingo, anachora mstari kwa msumari, anagonga na nyundo mpaka kuta nne zinasimama. Vitabuni wanakwambia kata miraba minne kwenye kona ndo ukunje, yeye hakati hata moja, kona anazikunja kama bahasha afu anapiga ribeti kwa juu, maana kona uliyoikata lazima uizibe, na uliyoiziba ipo siku itavuja. Ujazo ni uleule, kwaiyo hesabu haibadiliki.

Kwanini futi moja? "Inabaki sita kwa mbili, nyepesi." Hiyo ndo sababu, hamna nyingine.

Sa mi nimetoka shule likizo, kichwa kimejaa kalkulasi, nikamwambia anko we unapoteza maji hapo. Nikachukua chaki nikaanza kumwandikia kwenye mlango wa kibanda. Ukikunja x kila upande, urefu unabaki 8 − 2x, upana 4 − 2x, kina ni x, kwaiyo ujazo ni x(8 − 2x)(4 − 2x), ukifungua mabano unapata 4x³ − 24x² + 32x. Difarenshieti: 12x² − 48x + 32. Weka sawa na sifuri, gawanya kote kwa 4, inabaki 3x² − 12x + 8 = 0, unatumia ile fomula ya kwadratiki, zinatoka x mbili, 0.845 na 3.155.

Ile ya 3.155 itupe. Bati lina upana wa futi 4, utakunjaje futi tatu huku na futi tatu huku? Najua inaonekana wazi ukiambiwa, ila mi kwenye jaribio moja niliwahi kuibeba mpaka mwisho, nikaandika hori lina ujazo wa hasi 12.3 na nikapigia mstari kabisa, mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu "hili hori linakunywa ng'ombe?" Darasa zima lilisoma. Tangu siku hiyo kabla sijagusa derivativu naandika kwanza x inaruhusiwa kuanzia wapi mpaka wapi, na hapa ni kuanzia 0 mpaka 2, basi.

Inabaki 0.845 ya futi, yani inchi 10 na kidogo. Ujazo wake futi za ujazo 12.32, ukizigeuza ni karibu lita 349. La anko la futi moja ni 6 mara 2 mara 1, futi za ujazo 12, kama lita 340.

Nikamtangazia kwa sauti: anko, kila hori unapoteza lita tisa!

Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. "Lita tisa? Ng'ombe akitikisa kichwa mara mbili lita tisa zimeshaenda." Afu akakaa kimya kidogo, akauliza kitu ambacho mi sikuwahi kukiwaza kwa miaka miwili ya PCM: "Ila anko ngoja. Umesema nimekosea karibu inchi mbili, kwenye inchi kumi. Mlango nikikosea inchi mbili mteja ananirudishia. Sa hapa nimekosea inchi mbili, nimepotezaje kidogo hivo?"

Sikuwa na jibu, kusema kweli. Kwenye kina amekosea kwa asilimia 18, kwenye maji amepoteza asilimia 2.6. Nikafuta mlango nikaanza upya, safari hii bila derivativu, inchi moja moja kama mtoto. Ukikunja inchi 6 hori linabeba lita 297. Inchi 7, lita 320. Inchi 8, 336. Inchi 9, 345. Inchi 10, 349. Inchi 11, 347. Inchi 12 ndo hiyo 340 ya anko.

Angalia sio zile lita, angalia kila inchi inakuongezea nini, maana hiyo ndo derivativu kwa kukadiria. Kutoka 6 kwenda 7 unapata kama lita 22 za bure. Kwenda 8 unapata 16. Kwenda 9 unapata 9 na nusu. Kwenda 10 unapata 3 na nusu tu. Kwenda 11 unapoteza karibu 2, kwenda 12 unapoteza 7. Faida inaisha polepole kama chai kwenye birika, inafika sifuri, ndo inageuka hasara. Huwezi kutoka faida kuingia hasara bila kupita pale ambapo hamna faida wala hasara (kama mstari haujavunjika, ntalifikia hilo), na hapo ndo juu kabisa. Maana kama bado kuna faida si usogee mbele kidogo? Na kama kuna hasara si urudi nyuma kidogo? Ukiwa kileleni kote kuwili hakukusaidii. Sifuri ndo hiyo. Nilikuwa nimeiandika mara mia nane na sikuwahi kuiona.

Na derivativu ya pili ipo humohumo. Zitazame tena: 22, 16, 9 na nusu, 3 na nusu, hasi 2, hasi 7. Kila hatua inashuka kwa kama lita sita. Huko kushuka kwa faida ndo derivativu ya pili ikiwa hasi. Kwenye fomula ni 24x − 48, ukiweka 0.845 unapata kama hasi 27.7, kwaiyo mchoro umepinda kuja chini, ni kilele. Kwenye bonde ingekuwa kinyume, hasara inapungua inapungua afu inageuka faida.

Sa rudi kwa swali la anko. Kama kileleni faida ni sifuri, basi ukisogea kidogo kutoka kileleni unakuwa unatembea karibu na tambarare. Hasara haiendi na kosa lako, inaenda na kosa lako mara kosa lako. Ukikosea inchi moja kutoka ile 10.14 unapoteza kama lita 2.7, ukikosea inchi mbili haiwi mara mbili yake, inakuwa karibu mara nne, lita 10 na kitu. Na ukikunja inchi 10 kamili bila kuhangaika na pointi, unapoteza mililita kama 56, hiyo ni kikombe kimoja cha kahawa vile vya muuza kahawa wa mtaani. Kwenye lita 349!

Baadae nikaja kugundua anko hakuwa wa kwanza kushangaa. Kepler, yule yule mtaalamu wa nyota na sayari, mwaka 1613 alikuwa anaishi Linz huko Austria, akaoa mke wa pili, akanunua mapipa ya mvinyo. Muuzaji akaja na fimbo ya vipimo, akaichomeka kwenye tundu la pipa kwa mshazari mpaka kona ya mbali ya chini, akasoma namba kwenye fimbo, akataja bei. Basi. Kepler roho ikamuuma, pipa nene na pipa jembamba yote unayapimaje kwa fimbo moja? Akakaa chini kupiga hesabu, mwaka 1615 akachapisha kitabu kizima cha mapipa. Na alichokikuta ni kwamba mafundi wa Austria walikuwa wanatengeneza mapipa yenye umbo karibu kabisa na lile linalobeba mvinyo mwingi kwa fimbo ileile, na kwamba ukiwa karibu na umbo hilo, fundi akipishana kidogo ujazo hautikisiki. Hiyo ni kabla ya derivativu kuwepo. Fermat, mwanasheria wa Toulouse, alikuja na njia yake ya maksima na minima miaka ya baadae kidogo, na Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, akachapisha kalkulasi yake 1684. Yani kilele bapa kilionekana kwenye mapipa kabla ya fomula, sisi tunalifundisha kama limeshuka na fomula.

Ila usije ukaikimbilia sifuri kila ukiiona. Chukua x³ pale kwenye 0, derivativu ni sifuri na sio kilele wala bonde, ni kama pale ngazi za ghorofa zinapokata kona, unatembea hatua mbili bapa afu unaendelea kupanda. Na x⁴ ni mtego wa upande mwingine, derivativu ya pili inakuja sifuri, watu wanaandika "sio kitu" wakati ni bonde kabisa. Mi siku hizi derivativu ya pili ikigoma narudi kwenye ya kwanza, naangalia alama kabla na baada, chanya kwenda hasi ni kilele, hasi kwenda chanya ni bonde, haijawahi kuniangusha. Na kilele ulichopata ni cha hapo jirani tu. Mawenzi pale Kilimanjaro ni kilele, mita 5,149, ukisimama pale kila upande ni chini, lakini Kibo iko palepale inakuchungulia na mita zake 5,895.

Mtego uliotuuma kweli ulikuja na mteja wa ndama.

Yule mama alitaka hori la ndama, akasema kina kisizidi inchi 8 maana wadogo hawafiki chini. Sa hapo kilele cha inchi 10 kiko nje ya ruhusa, bora unayoweza kupata ni pale ukingoni kabisa, inchi 8, lita 336. Pale derivativu sio sifuri, bado mchoro unapanda, umezuiwa tu na mama. Kijana wa anko akasema tuweke 7 tuwe salama, inchi moja si kitu, si ulisema ukikosea hamna hasara? Tukakunja 7. Tukapoteza lita 16, inchi ileile moja ambayo kileleni ingekula 2.7. Mama alipojaza ndoo zake akahesabu, akaja juu, na alikuwa na haki, ndoo nzima karibu ilikuwa imeyeyuka. Ilibidi anko amtengenezee lingine.

Kwaiyo nilimweleza anko upya, kileleni pana msamaha, ukingoni hamna msamaha. Na pale mchoro unapovunjika kama ncha ya paa ni hivohivo, derivativu haipo kabisa na kila kidogo unachokosea unakilipa chote.

Juzi nimepita pale kibandani. Kwenye meza yake amechimba alama mbili kwa msumari, moja inchi 8, moja inchi 12. Nikamuuliza anko, na ile ya kumi niliyokupigia hesabu iko wapi?

"Ya kumi ya nini?" akasema, wala hakuinua kichwa. "Si ulisema hapo ukikosea hupotezi kitu."