Oregon: mgonjwa anapoomba kufa, anayemshinda ni muda

Sheria ya Oregon, Marekani, haimruhusu daktari kumchoma mgonjwa sindano ya kumuua. Yeye anaandika tu dawa ya kukatisha uhai. Kuinywa ni juu ya mgonjwa, wala ndugu hatakiwi kumnywesha, kwa hiyo anayepooza mikono na koo kidogokidogo alifikirie hilo mapema.

Wananchi waliipitisha sheria hiyo kwa kura mwaka 1994, ikazuiwa mahakamani, ikaanza kutumika 1997. Mwombaji awe na miaka 18 au zaidi, awe na uwezo wa kujiamulia, na awe na ugonjwa usiotibika unaotarajiwa kumuua ndani ya miezi 6. Madaktari wawili wathibitishe. Mmoja wao akishuku kwamba sonona imeuvuruga uamuzi, mgonjwa anapelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili na dawa haiandikwi kwanza.

Ombi linatolewa kwa mdomo mara mbili, siku 15 zikipita katikati. La maandishi linasainiwa mbele ya mashahidi wawili, na hapa ndipo familia hujikwaa: mke na mtoto hawawezi kushuhudia pamoja. Angalau shahidi mmoja asiwe ndugu, asiwe mrithi, asiwe mfanyakazi wa kituo anakotibiwa mgonjwa. Daktari anayemhudumia haruhusiwi kabisa kuwa shahidi. Kisha yanasubiriwa masaa 48 tangu kusaini.

Ukijumlisha na kumtafuta daktari aliye tayari, maana kila daktari ana haki ya kukataa na hospitali nyingi za Kikatoliki hazishiriki, wiki zinakwisha. Wengi huanza wakiwa wameshachoka mno. Tangu 2020, anayetarajiwa kufa kabla ya siku hizo kutimia anaweza kusamehewa kusubiri. Marekebisho hayo yalichelewa sana.

Mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu hana njia. Akibakiza miezi 6, uwezo wa kuamua umeshaondoka, na wosia alioandika akiwa mzima haumsaidii.

Sharti la kuwa mkazi wa Oregon liliondolewa kisheria 2023, ila bima ya wazee ya serikali kuu, Medicare, hailipii dawa hiyo. Na takriban theluthi ya wanaoandikiwa hawainywi. Baadhi ugonjwa huwatangulia. Wengine huishika tu, wakijua ipo.