Farasi wa bluu mwenye macho mekundu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, neno letu wiki hii ni Yohana 7:24, "Basi msihukumu hukumu ya macho tu, bali ifanyeni hukumu iliyo ya haki."

Mliowahi kushuka Denver kule Marekani mnalijua lile lisanamu la farasi wa bluu njiani ukitoka eapoti, futi 32 kwenda juu, limesimama kwa miguu ya nyuma, na usiku macho yanawaka taa nyekundu mpaka unajiuliza hivi nani alipitisha hiki kitu. Watu wamelipa jina la shetani kabisa, Blucifer, na wapo walokole wanakwambia huyo ndo farasi wa Ufunuo 6 (nimeirudia hiyo sura, Yohana aliona mweupe, mwekundu, mweusi na wa kijivujivu, wa bluu hayupo jamani). Halafu kilichokoleza maneno ni kwamba lilimuua aliyelitengeneza, Luis Jiménez, mwaka 2006 kipande kilimdondokea karakana kwake kikamkata mshipa wa mguu, ikabidi wengine wamalizie kazi, likasimamishwa 2008. Basi hapo ushahidi umetimia, lina laana.

Sasa yale macho. Baba yake Jiménez alikuwa na karakana ya mabango ya taa za neoni huko El Paso, kijana kakua anamsaidia mzee kazi, na zile taa nyekundu aliziweka kumuenzi baba yake. Ndo hivyo tu. Mtoto anamheshimu baba, ile amri yenye ahadi, sisi huku tunakemea. Sisemi ulipende, mi mwenyewe naona linatisha.

Na angalieni Yesu alisema hilo neno wakati gani, mstari wa 20 tu hapo juu mkutano umetoka kumwambia "Una pepo", Yesu huyu huyu! Kisa kamponya mtu siku ya sabato, yule wa birika la Bethzatha. Rudi sura ya 5 uone, mtu kaugua miaka 38, leo anatembea kajitwika godoro lake, na wenye dini wanachotaka kujua ni nani kamruhusu kubeba godoro.

Tusome Yohana 5 mpaka 7 taratibu wiki hii, na kama kuna mtu umekuwa ukimwombea "afunguliwe" na hujawahi hata kumuuliza habari zake, mpigie simu kabla ya Jumapili.