Slapushoti: hatimaye mpini umepinda

Umepinda. Slapushoti ni shuti kali la magongo ya barafu: gongo linapandishwa nyuma, kisha bapa, ile sehemu pana ya chini ya gongo, linaichapa puki, kisahani kigumu cha mpira. Kwenye video ya fremu 240 kwa sekunde mpini unaonekana kabisa umekuwa upinde, sentimita 5 hivi, halafu unanyooka huku puki ingali imegusa bapa. Wiki tano zote kabla ya hapo lilikuwa debe tupu: mshindo wa kuamsha mtaa, puki inakwenda goigoi.

Kusimama, kuhamisha uzito kutoka mguu wa nyuma, kupandisha gongo, hayo nayaruka. Kilichokula wiki tano ni swali moja: bapa liguse chini wapi kabla ya kufika kwenye puki?

Aliyekulia kwenye magongo ya uwanjani hapa atateseka. Kule mikono inabanana juu ya gongo, na ukichapa ardhi nyuma ya mpira umeharibu. Kwenye barafu mikono huachana, na bapa lisipochapa barafu kwanza hakuna slapushoti. Barafu inalishika bapa, mikono inaendelea mbele, mpini unabaki hauna pa kwenda ila kupinda. Nishati hiyo ndiyo inayorudi kwenye puki.

Kwa hiyo chaki ikachorwa kwenye shiti ya plastiki ya mazoezi, inayotumika badala ya barafu, mistari nyuma ya puki: sm 5, 10, 15, 20, 30. Kwenye 30 bapa linadunda, linafika likiwa hewani na kuparua mgongo wa puki, au linairuka kabisa. Hata likifika vizuri, mpini umeshanyooka njiani. Kwenye 5 bapa linagonga chini na puki karibu kwa mpigo mmoja, mpini haujapata nafasi ya kupinda. Kati ya 10 na 15 ndipo penyewe. Lakini hata hapo video ilionyesha mkunjo wa sm 1, na siku nzuri 2. Chaki ikafutwa na kuchorwa upya kila jioni, mstari mbele kidogo, nyuma kidogo. Upuuzi mtupu, maana mstari haukuwa na kosa tena.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni mkono wa chini. Ulikuwa pale unapokaa wakati wa kuchezesha puki. Unatakiwa ushuke kama sm 15 zaidi, hadi katikati ya mpini au chini yake, na kiwiko kiwe kimenyooka bapa linapogusa. Mkono wa chini unasukuma kuelekea chini na mbele, wa juu unavuta kurudi nyuma. Wa juu ukilegea, gongo zima linazunguka tu na hakuna kinachopinda.

La pili lilifanywa na msumeno, gongo lilipokatwa lifupike. Namba ya fleksi ni paundi za nguvu zinazohitajika kuupinda mpini inchi moja, na ile iliyochapwa kwenye gongo ni ya urefu wa kiwandani. Ugumu hupanda kwa kipeo cha tatu cha urefu unavyopungua. Gongo la sm 152 lenye fleksi 85, likatwe sm 5, linakaribia 94. Kanuni ya mtaani ni nusu ya uzito wa mwili kwa paundi, kwa hiyo mtu wa kilo 77 anatosha 85. Hiyo 94 ilikuwa inapigana na mkono uliokaa juu, na ikashinda. Ukijua utakata, nunua fleksi ya chini zaidi. Huwezi kurudisha kipande.

Kwa nini kung'ang'ania sentimita? Kwa sababu nishati ya mkunjo hupanda kwa mraba. Kwa fleksi 85, sm 1 ni kama jouli 0.75, sm 5 ni karibu 19. Puki ya gramu 170 inayokwenda kilomita 90 kwa saa ina jouli 53. Ni makadirio tu, mikono haishiki gongo kama mashine ya kiwandani inavyolishika, lakini yanaonyesha mkunjo si pambo. Zdeno Chara, beki wa magongo ya barafu, alipofikisha kilomita 175.1 kwa saa mwaka 2012 pale Ottawa, puki ile ilibeba jouli 200 hivi.

Kuhusu vifaa: gongo la kaboni linarudi haraka kuliko la mbao, sibishi, ila likipata mkwaruzo mkubwa huvunjika bila hodi. La mbao hulia kwanza. Shiti ya plastiki inakwangua bapa kuliko barafu. Zungusha tepu mpya kwenye bapa mapema. Na puki iwekwe friza. Mpira wa joto unadunda, ndiyo maana hata kwenye ligi hugandishwa kabla ya mechi.

Leo ilikuwa zamu ya kulinganisha mabapa yenye mipindo tofauti. Haikufanyika, kwa sababu limeibuka wazo la kupima kasi kwa sauti. Video ya fremu 240 inakosea hadi sekunde 1/240 kila upande. Sauti ya simu ina sampuli 44,100 kwa sekunde. Ubao wa kulengwa uko mita 6 mbele. Simu iwekwe kando, umbali sawa kutoka kwenye puki na kutoka kwenye ubao, ili ucheleweshaji wa sauti ujifute. Fungua rekodi, tafuta vilele viwili, cha mchapo na cha ubao, gawa umbali kwa muda ulio kati yao. Sekunde 0.24 ni mita 25 kwa sekunde, yaani zile kilomita 90.

Shida ni kwamba kilele cha kwanza ni bapa kuchapa chini, wakati puki inaondoka baadaye, sehemu tatu au nne za mia za sekunde. Kasi inasomeka ndogo kuliko ilivyo. Kwa kulinganisha shuti na shuti inatosha. Kwa kujisifu, haitoshi.

Kinachobaki ni kuyumba. Puki inaondoka ikipepesuka kama sahani iliyorushwa vibaya, maana inaguswa karibu na ncha ya bapa na haipati mzunguko. Inatakiwa ianzie upande wa kisigino, pale bapa linapoungana na mpini, ibingirike kuelekea ncha. Alama ya wino mweusi kwenye tepu nyeupe inasema bado ni ncha, mara saba kati ya kumi.