Vipande vya Mwani wa Jambiani

Mwani ule niliuchuma mwenyewe, Jambiani, Unguja, siku za bamvua, maji yametoka mpaka karibu na mwamba. Mama alikuwa mbele yangu akikagua kamba za shamba lake la mwani. Ulikuwa umeshika jiweni, donge la kijani lenye uwazi ndani. Ukilibonyeza unahisi viputo chini ya kidole. Kila kiputo ni seli moja, kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Jina lake la kisayansi ni Dictyosphaeria cavernosa.

Mama aliutazama mkononi mwangu. "Huo hauuziki, mwanangu."

"Najua, mama. Nataka kujua ukoo wake."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya uzamili mwaka 2014, katika chuo kimoja cha Ulaya: kupanga mti wa nasaba wa mwani wa kijani kwa kusoma DNA ya kloroplasti, yaani kile kijumba ndani ya seli kinachopika chakula kwa mwanga wa jua. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita kloroplasti ilikuwa bakteria anayejitegemea. Alimezwa na seli nyingine, hakusagwa, akabaki humo na DNA yake. Kwa kawaida DNA hiyo huchorwa kama pete. Ya tumbaku, iliyosomwa Japani mwaka 1986, ina herufi zaidi ya 155,000, yaani zile alama za kemikali zinazoandika maagizo ya DNA. Ya Ostreococcus, mwani mdogo mno wa baharini, haifiki 72,000. Ukilinganisha pete hizo jeni kwa jeni, unaona nani alitengana na nani kwanza.

Somo hili lilinishika kwa sababu ya Mesostigma, mwani wa majibaridi wenye seli moja. Mwaka 2000 watafiti wa Québec, Kanada, walisoma herufi zake 118,360, wakauweka kwenye shina la mti wa nasaba, kabla koo zote za kijani hazijagawanyika. Mwaka 2007 watafiti hao hao wakaongeza Chlorokybus, mwani mwingine wa kijani, na Mesostigma ukahamia upande wa ukoo uliozaa mimea ya nchi kavu. Kuongeza ndugu mmoja tu kulisaidia kuhamisha tawi! Nami nilitaka tawi langu litoke Jambiani.

Jibu la mashine ya kusoma DNA lilikuja jioni ya Novemba, nje giza tayari. Sampuli ya Ulva, mwani mwingine wa kijani, ilitoa pete safi ya herufi karibu 100,000. Ya Jambiani ilitoa vipande vifupi vya herufi elfu mbili, elfu tatu, kila kimoja na jeni yake, na hakuna kilichokubali kuungana na mwenzake.

Msimamizi wangu aliangalia juu ya bega langu. "DNA imekatikakatika. Hukukausha sampuli vizuri."

Nilimwamini. Nilirudia kazi mara tatu, kwa mwani uliobaki kwenye bahasha, na mara zote tatu vipande vikatoka vile vile. Leo najua kwamba kule kufanana kulikuwa ndiko kunakosema. DNA iliyooza haikatiki mahali pale pale kila mara. Lakini nilikuwa mwanafunzi, na aibu ilikuwa imeniziba masikio. Tasnifu yangu ilikwenda bila tawi la Jambiani.

Mwaka 2017 nilikuwa nyumbani Unguja niliposoma makala ya watafiti wa Ghent, Ubelgiji, na wenzao kuhusu Boodlea composita, mwani wa oda ya Cladophorales, kundi moja na mwani wangu wa Jambiani. Kloroplasti yake haikuonyesha pete. Walikuta vipande 34, kila kimoja uzi mmoja wa DNA uliojikunja katikati, nusu hii ikashikana na ile, kama kibanio cha nywele.

Nilisoma aya hiyo mara mbili nimesimama. Kisha nikatoa diski ya zamani na kufungua faili nililoliita "takataka". Nilivipitia vipande vyangu kimoja kimoja: psbA, rbcL, atpB, kila jeni kwenye uzi wake. Miisho yake niliyokuwa nikiikata kama kasoro ilikuwa ndiyo mikunjo yenyewe.

Mama alinikuta alfajiri ningali mezani. "Hukulala?"

"Mama, unaukumbuka mwani ule usiouzika?"

Alivuta kiti akakaa. "Haya, nambie."

Nikamwonyesha kwa kibanio cha nywele zake mwenyewe.