Kupima mafuta ya planktoni katika maji ya tope ya Masinga

Masinga, bwawa lililo juu kabisa katika mlolongo wa mabwawa ya umeme ya mto Tana, lilianza kazi 1981. Mvua zikikolea, Tana na Thika huliletea udongo wa mashambani, na hapo ndipo kupima asidi za mafuta za planktoni, yaani mimea na wanyama wadogo wanaoelea majini, kunapokuwa kazi ngumu. Chujio hukamata mwani (planktoni mimea) na tope pamoja, na mizani haibagui.

Maji nayachota asubuhi, kwa kina kile kile ninachopimia joto, oksijeni, fosforasi na klorofili. Kwanza nayapitisha kwenye wavu wa mikromita 63 ili kuondoa planktoni wanyama, kisha kwenye chujio la nyuzi za kioo la mikromita 0.7 lililochomwa kwa joto la nyuzi 450 za Selsiasi kwa saa 4. Maji ya tope huliziba upesi. Ukiona yanadondoka kwa shida, badilisha chujio, usiongeze nguvu ya pampu. Nguvu ikizidi, seli laini, hasa kriptofaiti (aina ya mwani), hupasuka na mafuta yake yakapita na maji, na hao ndio wenye EPA na DHA, asidi za omega-3 unazozitafuta! Mimi hugawa lita moja kwenye machujio kadhaa, nayafunga kwa foili na kuyatia papo hapo kwenye naitrojeni ya kimiminika. Friza ya kawaida ya nyuzi −20 si ya kutegemea: vimeng'enya huendelea kuvunja mafuta polepole.

Planktoni wanyama nawalewesha kwa maji ya soda yasiyo na sukari, baada ya kuwaacha kwa muda katika maji yaliyochujwa wamalize kilichomo tumboni. Kisha nawachambua chini ya hadubini. Dafnia na kopepodi ni makundi mawili ya gegereka wadogo: dafnia hulimbikiza EPA na huwa na DHA kidogo sana. Kopepodi hulimbikiza DHA. Ukiwachanganya, idadi ya kopepodi ikipanda utasema maji yamebadilika, kumbe waliobadilika ni wanyama waliomo chupani.

Maabara, kukamua mafuta, natumia klorofomu na methanoli kwa uwiano wa 2:1, pamoja na BHT, kemikali ya kuzuia mafuta yasioze, asilimia 0.01. Kipimo cha ndani, yaani asidi ya mafuta ninayoitia kwa kiasi ninachokijua, ni 19:0 (namba ya kwanza ni kaboni, ya pili ni viungo maradufu), nami nakitia kabla ya kukamua. Ukikitia baadaye hakitakuonyesha kilichopotea njiani. Nasafisha kwa kloridi ya potasiamu (KCl) asilimia 0.88, nakausha kwa gesi ya naitrojeni, kisha naweka asidi ya salfuriki asilimia 1 ndani ya methanoli, nyuzi 50, usiku kucha, ili mafuta yageuke esta za methili zinazopimika kwa kromatografia ya gesi. Vyombo viwe vya kioo tupu, vifuniko vyenye utando wa tefloni. Plastiki huachia uchafu unaotokea kwenye kromatogramu, mchoro wa matokeo ya mashine, kana kwamba ni mafuta ya sampuli, kwa hiyo chujio tupu lazima lipitie hatua zote.

Asilimia ya kila asidi katika jumla ya mafuta, peke yake, siiamini. Naandika kwanza mikrogramu kwa lita. Fosforasi ikizidi na sianobakteria (bakteria wanaofanya usanisinuru kama mwani) wakatawala, jumla ya omega-3 inaweza kubaki nzuri kwa sababu baadhi yao wana 18:3n-3, nayo ni omega-3, ilhali EPA na DHA hawana. Kwa hiyo kila asidi naisoma peke yake: 16:1n-7 pamoja na EPA huashiria diatomu (mwani wenye ganda la silika), mnyororo wenye matawi wa kaboni 15 na 17 ni bakteria, na 24:0 hadi 28:0 ni mimea ya nchi kavu. Hizo za mwisho zikipanda huku kisahani cha Secchi, kinachoshushwa majini kupima uangavu, kikipotea machoni karibu na uso wa maji, najua ni tope, na sampuli hiyo siiweki kwenye grafu ya kulinganisha mafuta na fosforasi.