Pipa la Baba Mdogo

Jana alasiri grenda ililia uani kwa jirani, ikafuatiwa na harufu ya rangi inayoungua pamoja na mafuta machafu. Nikaiacha chai mezani. Harufu ile naijua tangu utotoni, Ngamiani, Tanga.

Baba mdogo alikuwa na siku saba tu za likizo. Mama alishaamua: Idi ikipita, anaanza kuchoma samaki barazani, changu na vibua vya Sahare, na lile jiko letu dogo la mkaa lisingefaa kitu. Likanunuliwa pipa la chuma la lita 200, lililotoka kwenye mafuta ya injini. Vipande vya nondo za milimita 10 tulipata kwa fundi wa kuchomelea, tindo na nyundo tukaazima. Nilikuwa na miaka 13, nimeshika nyundo tangu asubuhi nangoja kupiga.

Yeye akafungua kizibo, akainama, akanusa. Akanusa tena. Akasema tulijaze maji kwanza.

Maji mtaani petu yalikuwa ya foleni. Ndoo 10 za lita 20, mimi na dada, kutoka bombani. Kufika ya sita shingo inaniuma, na watoto wenzangu wamejipanga kibarazani wanatazama tunavyolinywesha pipa. Nikasema kwa sauti, ili na wao wasikie:

"Kwani Baba mdogo unaliogopa pipa?"

Kwetu mtu mzima haulizwi hivyo. Dada aliinamisha uso. Mama akatokeza mlangoni na mwiko mkononi. Nikangoja kofi. Baba mdogo akaweka tindo chini, akajifuta mikono kwenye msuli wake, taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha akanitazama.

"Naliogopa, mwanangu. Naliogopa sana."

Hakucheka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya pipa, umetulia, kama anayemshika ng'ombe asiyemzoea. Sikuwa nimewahi kumsikia mwanamume yeyote wa nyumba ile akilitamka neno hilo. Nikaenda kuchota ndoo ya saba.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba pipa la mafuta likimiminwa haliwi tupu. Hubaki mvuke, na cheche moja ikiukuta umefungiwa ndani ya chuma, unalipuka. Maji yakijaa, mvuke hukosa pa kukaa.

Kazi iliyobaki ilichukua siku mbili: kupasua, kuchoma ndani kwa makumbi ya nazi mpaka rangi ikabanduka yote, kutoboa matundu ya hewa, kuweka miguu. Mama alichomea samaki pale miaka tisa.

Nani alimfundisha kuliogopa pipa, sikumwuliza. Alirudi kazini, mimi nikaenda bweni, halafu hapakuwa na wa kumwuliza tena. Mama nikimgusia, husema chai inapoa.

Uani kwa jirani pipa la kwanza lilikuwa limeshapasuliwa, linachomwa. La pili limesimama, vizibo vimekazwa, na kijana wa grenda anavaa miwani yake.

"Hili lilikuwa na nini?"

"Mafuta tu, mzee wangu. Lakini ni tupu."

Nikamwambia naliogopa. Akanitazama, akamtazama mwenzake. Nikarudi ndani kuchukua ndoo.